Canal Grande ya Venice: mwongozo kamili wa kuyaona makasri ukiwa majini

Ujumbe ninaoletewa na watu waliotoka Venice unafanana mno. Mmoja: "Tumetembea kutwa nzima, picha tulizorudi nazo ni za vichochoro na daraja moja." Mwingine: "Tulipanda boti kama ulivyosema, tukapitishwa kwenye maji mapana yenye upepo, tukashushwa San Marco. Hayo makasri yako wapi?"

Makosa ni mawili tu, na kila mgeni huangukia mojawapo. Wa kwanza anafuata vibao vya njano vya Per Rialto (kwenda daraja la Rialto) na Per San Marco (kwenda uwanja wa San Marco), ambavyo humpitisha nyuma ya nyumba. Wa pili anapanda boti yenye namba isiyo yake, au yenye namba yake lakini inayokwenda upande mwingine.

Makasri ya Venice yameelekeza uso majini. Mgongoni, anakopita mtembea kwa miguu, utakuta ukuta wa matofali, mlango wa kawaida na pengine ndoo za taka. Tena hakuna barabara inayofuata Canal Grande, mfereji mkuu wa mji, mwanzo hadi mwisho. Kingo za kutembea zipo vipande vipande. Ndiyo maana boti ndiyo safari yenyewe, wala si usafiri wa kukufikisha tu. Mfereji una urefu wa karibu kilomita 3.8, umejipinda kama herufi S iliyogeuzwa, na boti ya kawaida ya abiria huumaliza kwa takriban dakika 45.

Historia ya jamhuri ya Venice nimeiacha. Hapa ni kazi tu.

## Unavyohitaji kabla ya kutoka

- Tiketi ya boti za abiria za mji, zinazoitwa vaporetto. Tiketi moja ni euro 9.50 na inadumu dakika 75. Ya saa 24 ni euro 25, saa 48 euro 35, saa 72 euro 45. Bei hupanda, hivyo ziangalie tena wiki unayosafiri.
- Sarafu za euro 4 kwa kila mtu, taslimu. Utaona matumizi yake kwenye Hatua ya 8.
- Pasipoti. Anayetoka Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen: ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Mwenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen anapita nacho. Kibali cha Uingereza hakitoshi. Wengi wamekwama hapo.
- Msimbo wa QR wa kiingilio cha mji, kama siku yako inadaiwa (Hatua ya 2).
- Begi dogo. Ndani ya boti utaambiwa uvue begi la mgongoni na kulishika mkononi.
- Koti, hata mwezi wa tano. Ukikaa nje kwenye boti, upepo wa majini unauma kuliko unavyodhani ukiwa nchi kavu.
- Chupa ya maji. Mabomba ya maji ya kunywa yapo viwanjani, ni bure, na maji ni mazuri.

Masanduku makubwa yaache hotelini au sehemu ya kuhifadhia mizigo stesheni. Ngazi za madaraja hazina huruma, na sanduku kubwa kwenye boti iliyojaa litakutia aibu.

## Hatua ya 1: Chagua saa kwanza, siku baadaye

Saa ndiyo inayoamua kama utaona au utabanwa. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni boti zinajaa kama daladala ya Mbagala jioni, na aliyesimama katikati haoni chochote isipokuwa kisogo cha mwenzake.

Saa nzuri ni mbili. Ya kwanza ni alfajiri hadi kama saa 2 asubuhi. Ya pili ni saa moja na nusu hivi kabla ya magharibi. Lakini jua la huko halina adabu kama letu: Juni linazama karibu saa 3 usiku, na Desemba saa 10 na nusu jioni limekwisha kuzama. Angalia saa ya machweo ya siku yako kwenye simu.

Upande wa kuanzia unafuata jua. Jioni anzia Piazzale Roma, pale mabasi yanapoishia, kwenda San Marco, kwa sababu sehemu kubwa ya safari jua litakuwa mgongoni mwako na litapiga nyuso za nyumba zilizo mbele. Asubuhi geuza: anzia San Zaccaria, karibu na uwanja wa San Marco, urudi kuelekea stesheni. Mwongozo huu nimeuandika kwa safari ya jioni. Ukigeuza, kila ninaposema kushoto kwako kutakuwa kulia.

Onyo. Jumapili ya kwanza ya Septemba kuna mashindano ya Regata Storica, na alasiri mfereji hufungwa kwa boti za abiria. Ni siku nzuri ya kutazama makasia, siku mbaya ya kutazama nyumba. Pia tafuta neno sciopero, yaani mgomo, kwenye habari za usafiri. Migomo hutangazwa mapema, na siku hiyo boti hupungua.

Kati ya Oktoba na Januari kuna maji kujaa, acqua alta. Tangu Oktoba 2020 mji una malango ya chuma yaitwayo MOSE yanayoinuliwa kuzuia bahari maji makubwa yanapotabiriwa, lakini uwanja wa San Marco uko chini sana na hulowa kabla ya malango hayo kuhitajika. Ukisikia king'ora, usitaharuki. Nunua gambuti, endelea.

## Hatua ya 2: Maliza suala la kiingilio ukiwa nyumbani

Tangu Aprili 2024 mji unatoza kiingilio wageni wa kutwa, yaani wanaokuja na kuondoka bila kulala. Hakitozwi kila siku. Mwaka 2025 zilikuwa siku 54 kati ya Aprili na Julai, nyingi za mwisho wa wiki, na ni kwa wanaoingia kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni (kwenye vibao utasoma 8:30 na 16:00). Aliyelipa angalau siku nne kabla alitoa euro 5. Aliyechelewa alitoa 10.

Fungua tovuti rasmi, cda.ve.it, angalia kalenda ya mwaka wako, lipa, hifadhi QR kama picha kwenye simu. Picha, si kiungo. Intaneti ya pale stesheni inagombaniwa na watu elfu.

Ukilala hotelini ndani ya manispaa ya Venice, hata Mestre upande wa bara, umesamehewa kwa sababu unalipa kodi ya kulala. Lakini bado unapaswa kujisajili upate QR ya msamaha. Watu wanapuuza sehemu hii ya pili, halafu wanabishana na wakaguzi kwa lugha wasiyoijua.

Umefanikiwa kama: una QR kwenye simu yako, au umehakiki kwa macho yako kwamba siku yako haidaiwi.

## Hatua ya 3: Anzia Piazzale Roma, usianzie stesheni

Ukishuka kwenye treni katika stesheni ya Santa Lucia, mfereji uko mbele yako hapo hapo, na gati la Ferrovia linakuita. Usiitike. Boti inayofika Ferrovia imeshapakia watu Piazzale Roma, na viti vya nje vimekwisha.

Toka stesheni, geuka kulia, vuka daraja jipya la kioo na chuma, na baada ya dakika tano hivi uko Piazzale Roma, pale mabasi na tramu kutoka Mestre vinapoishia. Basi namba 5 kutoka uwanja wa ndege wa Marco Polo linaishia hapo pia.

Onyo. Daraja hilo, kazi ya Santiago Calatrava lililofunguliwa 2008, lina ngazi za kioo ambazo mvua ikinyesha zinakuwa kama sabuni. Limeangusha watu wengi kiasi kwamba manispaa iliamua kubadilisha kioo kwa jiwe. Pita taratibu na utazame unapokanyaga. Picha utapiga ukishafika juu.

Anayetoka uwanja wa ndege atakuta pia boti za kampuni ya Alilaguna. Laini yao ya rangi ya chungwa inapita Canal Grande, lakini tiketi yake ni tofauti kabisa na hizi ninazozungumzia, na abiria hukaa ndani.

## Hatua ya 4: Nunua tiketi, kisha uigonge

Tiketi zinauzwa kwenye mashine za gatini, kwenye madirisha ya tiketi na kwenye maduka ya tumbaku yenye herufi T mlangoni. Kwa safari moja ya kushuka mfereji wote, ile ya dakika 75 inatosha. Inakuruhusu kubadilisha boti, lakini kwa kuendelea mbele tu. Kurudi ulikotoka hairuhusiwi. Ukipanga kupanda mara tatu au zaidi ndani ya siku moja, chukua ya saa 24. Watoto wa chini ya miaka 6 hawalipi, na kijana wa miaka 6 hadi 29 aulizie kadi ya Rolling Venice, inayopunguza sana bei ya saa 72.

Sasa sikiliza. Kununua tiketi si kulipa nauli. Nauli imelipwa pale unapoigusisha kwenye kimashine kilicho mlangoni mwa gati, taa ya kijani ikawaka na mlio ukasikika. Unafanya hivyo kila unapopanda, hata kama tiketi yako ni ya siku tatu. Saa zake zinaanza kuhesabiwa hapo, si dukani.

Mimi mwenyewe nimewahi kutozwa faini nikiwa na tiketi halali mfukoni. Nilipita na kundi la watu, sikugusisha, mkaguzi akapanda kituo kilichofuata. Alikuwa mpole sana. Alinionyesha kimashine chake, akaniandikia risiti, akanitakia jioni njema.

## Hatua ya 5: Itambue boti yako

Watu wengi wanaharibikiwa hapa, kwa hiyo nenda polepole.

Boti namba 1 ndiyo yako. Ni daladala ya majini: inasimama karibu kila gati, mara kingo hii, mara ile, na kwa sababu hiyo inakuzungusha mbele ya kila nyumba.

Boti namba 2 ni mwendokasi, na ina mtego. Kutoka Piazzale Roma au Ferrovia, namba 2 moja inapita Canal Grande kuelekea Rialto. Namba 2 nyingine inazunguka nje, kupitia mfereji mpana wa Giudecca, na zote mbili mwisho zinafika San Marco. Kibao cha mbele kinasema San Marco kwa zote. Yule aliyeniandikia kuhusu maji mapana yenye upepo alipanda hiyo ya pili.

Fanya hivi:

1. Piazzale Roma kuna magati kadhaa yenye herufi. Tafuta ubao wa kielektroniki, soma mstari wa namba 1, chukua herufi ya gati lake.
2. Hakikisha kituo cha mwisho kimeandikwa Lido, au kuna maneno San Marco na Rialto chini ya namba 1.
3. Boti ikifunga kamba, muulize baharia neno moja tu: "Rialto?" Akitikisa kichwa kukubali, panda. Ukiwa kwenye namba 2 kwa dharura, swali hilo hilo litakuokoa.

Ukianzia Ferrovia kwa kukosa namna, kumbuka namba 1 inayokwenda upande wa pili inaishia Piazzale Roma. Hapo hujapotea; shuka, panda inayoondoka.

Umefanikiwa kama: baada ya stesheni kupita kushoto kwako, unaona kuba kubwa la kijani la kanisa la San Simeone Piccolo kulia, kisha daraja la jiwe jeupe la Scalzi likikujia.

## Hatua ya 6: Shika nafasi ya nje

Boti hazifanani. Baadhi zina viti vichache vya wazi kichwani, mbele ya chumba cha nahodha. Hivyo ndivyo bora duniani. Nyingine zina sehemu ya wazi nyuma, tezini, nayo ni nzuri kwa sababu unaona nyumba za kingo zote mbili kwa pamoja zikirudi nyuma. Kukaa ndani kwenye kioo ni sawa na kutazama harusi kupitia dirisha la jikoni.

Ukikuta vya nje vimejaa, shuka usubiri inayofuata. Mchana zinakuja kila baada ya dakika kumi hivi. Dakika kumi za kusubiri ni bei ndogo kwa dakika 45 za kuona.

Usisimame kwenye lango la kupandia. Hapo baharia anafanya kazi: boti ikikaribia gati anatupa kitanzi cha kamba kwenye chuma, anaizungusha mara mbili, kamba inakaza na kulia kama mlango wa zamani, boti inavutwa, lango linasukumwa. Kisha yote hayo kinyume chake. Anaifanya mara ishirini kwa safari moja na hatazami mikono yake.

## Hatua ya 7: Safari, kituo kwa kituo

Usijaribu kukariri majina; ni zaidi ya nyumba mia na sabini. Jifunze kuisoma nyumba, majina yatakuja.

Niliwahi kumpeleka shangazi yangu wa Tanga. Tulipopita San Marcuola akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu nyumba zao wanaingiliaje?" Nikamwonyesha ngazi za jiwe zilizoshuka hadi majini, nusu yake zikiwa kijani kwa mwani, na mlango mkubwa wenye tao juu yake. Akanyamaza kidogo. "Kumbe huo uchochoro tuliopita asubuhi ni mlango wa jikoni." Sijapata kusikia maelezo bora zaidi.

Basi soma hivi. Chini, mlango wa maji: bidhaa zilishushwa hapo, na ghala lilikuwa nyuma yake. Ghorofa inayofuata, yenye madirisha marefu yaliyoshikana katikati, ni ukumbi wa mwenye nyumba. Kadiri unavyopanda, madirisha yanafupika, na juu kabisa walilala watumishi. Mbele ya ngazi kuna nguzo zilizopakwa mistari ya rangi. Ni za kufungia boti, na rangi zilikuwa za ukoo.

Umri unaonekana kwenye tao la dirisha. Tao la duara jembamba, nyumba ya zamani sana. Tao lenye ncha kama yai lililochongwa, karne ya 14 au 15. Duara pana lenye nguzo zilizopangwa kwa vipimo, karne ya 16. Vichwa vya watu, simba na mawe yaliyotuna kila mahali, karne ya 17 kuendelea.

Baada ya daraja la Scalzi hadi San Stae. Kulia, jengo refu jeupe lenye matao mengi membamba ni Fondaco dei Turchi. Kuanzia 1621 hadi 1838 lilikuwa makazi na ghala la wafanyabiashara wa dola ya Osmania, na ndani mlikuwa na pa kuswalia na hamamu. Sasa ni makumbusho ya viumbe asilia. Aliyeishi Maskati atalitambua neno fondaco: ni funduq ile ile ya Kiarabu. Karibu na hapo, kushoto, ni Ca' Vendramin Calergi (Ca' ni kifupi cha casa, nyumba), alimofia mtunzi wa muziki Richard Wagner tarehe 13 Februari 1883. Leo ni kasino.

San Stae hadi Rialto. Kulia, mlima wa jiwe jeupe uliochongwa kila inchi ni Ca' Pesaro. Kaa tayari kugeukia kushoto, maana inayofuata upande huo ni Ca' d'Oro, Nyumba ya Dhahabu, iliyojengwa na Marino Contarini kati ya miaka ya 1420 na 1430. Uso wake ulipakwa dhahabu kweli. Dhahabu imekwisha, imebaki kazi ya mawe iliyotobolewa kama lesi ya shela. Boti inasimama ubavuni mwake, kwa hiyo picha piga kabla haijafunga kamba. Ukiwa gatini unaona kona tu.

Kisha soko la samaki kulia, mfereji unakata kona, na daraja la Rialto linatokea ghafla. Lilijengwa 1588 hadi 1591, tao moja tu la mita 28, na hadi 1854 lilikuwa daraja pekee juu ya mfereji huu. Kila mtu atasimama. Wewe kaa, aliyekaa mbele anapiga picha nzuri kuliko aliyesimama nyuma.

Rialto hadi kona ya Ca' Foscari. Hapa pumzika macho. Nyumba ni nzuri zote na zinachosha. Kushoto, Ca' Loredan na Ca' Farsetti, mbili zilizoshikana, ni ofisi za manispaa. Utaona boti za serikali zimefungwa mbele yake kama magari ya wakubwa.

Kona yenyewe. Mfereji unapinda kushoto kwa nguvu, na mbele upande wa kulia iko Ca' Foscari, madirisha yake yenye ncha yamepangwa ghorofa juu ya ghorofa. Ni makao ya chuo kikuu cha mji. Kwa maoni yangu hii ndiyo sekunde thelathini bora ya safari yote, kwa sababu kutoka hapo unatazama pande mbili za mfereji kwa pamoja. Weka simu chini.

Hadi daraja la Accademia. Ca' Rezzonico kulia, Palazzo Grassi karibu mkabala wake kushoto. Daraja la Accademia ni la mbao, na watu wote juu yake wanakupiga picha wewe.

Accademia hadi mwisho. Kulia kuna kasri fupi jeupe la ghorofa moja, kama jino lililokatika. Ni Palazzo Venier dei Leoni. Ujenzi ulikwama karne ya 18 na haukuendelea tena. Peggy Guggenheim, mkusanyaji wa sanaa, aliishi humo hadi kufa kwake 1979, sasa ni jumba la sanaa. Mbele kidogo, upande huo huo, Ca' Dario: nyembamba, imeinama, imepambwa kwa mawe ya rangi ya duara. Wenyeji wanasema ina nuksi kwa wanaoinunua.

Kisha makuba ya Santa Maria della Salute, kanisa lililowekewa nadhiri baada ya tauni ya 1630, na kwenye ncha kabisa nyumba ya zamani ya forodha, yenye mpira wa dhahabu juu. Forodha kwa Kiitalia ni dogana, neno lililotoka kwenye diwan ya Kiarabu, mama wa diwani wetu wa kata. Na ushanga uliobebwa na misafara ya Bagamoyo karne ya 19, mwingi ulitoka mji huu.

Onyo la mwisho la hatua hii. Usishuke San Marco Vallaresso ingawa boti nzima itashuka. Baki hadi kituo kinachofuata, San Zaccaria. Ni dakika chache tu, na ndizo zinazokupitisha mbele ya Kasri la Doge, yaani mtawala wa zamani wa Venice, upande wa majini. Hilo ni bure, limo ndani ya tiketi ile ile.

## Hatua ya 8: Vuka kwa gondola ya euro 2

Sasa zile sarafu. Kwa kuwa madaraja ni manne tu kwenye kilomita karibu nne, kuna gondola kubwa za kuvusha watu, zinaitwa traghetto. Ni pantoni ya Kigamboni kwa udogo wake: wapiga makasia wawili, abiria kama kumi, dakika mbili, umevuka. Mgeni analipa euro 2, mkononi, bila tiketi.

Kituo cha kuaminika ni Santa Sofia, hatua chache kutoka Ca' d'Oro. Kinakuvusha hadi soko la samaki. Kingine ni San Tomà. Fuata kibao kilichoandikwa Traghetto kwenye kichochoro hadi majini. Nenda asubuhi, Jumanne hadi Jumamosi, ukute na soko lenyewe. Jumapili na Jumatatu samaki hakuna.

Wenyeji wengine wanavuka wamesimama. Wewe kaa kama kuna pa kukaa. Ukisimama, panua miguu, usishike bega la jirani, na usigeuke ghafla kupiga selfi.

Vipi gondola ya kawaida? Bei rasmi tangu Novemba 2023 ni euro 90 kwa dakika 30 mchana, euro 110 kwa dakika 35 kuanzia saa 1 usiku. Ni bei ya chombo, si ya kichwa, na chombo kinabeba watu hadi 5. Mkiwa watano inavumilika. Kabla ya kukanyaga ndani, kubalianeni bei, dakika, na kama mtapita Canal Grande au mifereji midogo tu. Binafsi, kwa makasri ningebaki na namba 1. Gondola iko chini mno na mawimbi ya boti za injini yanakutikisa.

## Hatua ya 9: Ingia kasri moja, moja tu

Baada ya kuyaona kwa nje, ingia ndani ya moja ili ujue ukumbi wa ghorofa ya kwanza ulivyo mkubwa. Chaguo langu ni Ca' Rezzonico, yenye gati lake la namba 1 ubavuni. Baadhi ya dari zake zilichorwa na Giambattista Tiepolo, na ukumbi wa dansi unakufanya unong'one bila kuambiwa. Hufungwa Jumanne. Ca' Pesaro hufungwa Jumatatu.

Usiyaweke mawili siku moja. La pili hutaliona. Utakuwa unatafuta benchi.

Anayeepuka kiingilio ana sehemu za bure za kukaa kando ya mfereji: ngazi za Salute, kingo ya Riva del Vin chini ya Rialto, na kiwanja kidogo cha Campo San Vio kati ya Accademia na Guggenheim. Kumbuka tu kwamba kuogelea mferejini ni faini, na kuketi na kulia chakula kwenye ngazi za maeneo ya San Marco na Rialto kunaweza kukuletea askari wa manispaa.

## Mambo yakiharibika

*Boti imeingia maji mapana, upande mmoja kisiwa kirefu.* Uko mfereji wa Giudecca kwenye namba 2. Baki, shuka San Zaccaria, chukua namba 1 kurudi kwa kupitia Canal Grande. Umeanza mwisho, si hasara. Ila tiketi ya dakika 75 haikuruhusu kurudi, itabidi mpya.

*Ukungu.* Majira ya baridi unaweza kufunika mfereji na boti zikapunguzwa. Nenda kwa miguu hadi daraja la Accademia. Ukungu ukipasuka, juu ya daraja ndipo pa kuwa.

*Umechelewa, usiku umeingia.* Usisikitike. Namba 1 inafanya kazi hadi karibu usiku wa manane, na baadaye kuna boti ya usiku yenye herufi N. Panda San Zaccaria kama saa 4 usiku kuelekea Piazzale Roma, kaa nje, na safari hii usitazame kuta. Tazama madirisha ya ghorofa ya kwanza yaliyowashwa taa: yako wazi, mapazia yamefungwa nusu, na kutoka chini huko majini unaona dari za watu, mbao zilizopakwa rangi, vinara vya vioo, mara moja moja mtu amesimama na kikombe.